Miaka Minne ya Jenifa

Sketi ya shule ya Jenifa ilikuwa na upindo wa vidole vitatu. Hilda, mama yake, ndiye aliyemwambia fundi auache mpana hivyo, ili mtoto akirefuka uwe unaachiwa kidogo kidogo. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo sketi ilikuwa imepauka kwa jua la Dodoma na zipu imebadilishwa mara mbili, lakini upindo ulikuwa pale pale na uzi wake ule ule. Kila Jumamosi Hilda alipoifua, kidole chake kilisita juu ya upindo ule. Aliianika haraka, upande wa ndani kwa nje, kama mtu anayeficha doa.

Walipanga vyumba viwili Kizota, nyuma ya karakana za vyuma ambako Stanley, mume wake, alichomelea mageti na madirisha. Walihamia pale kutoka Ihumwa mwaka Jenifa alipoanza shule, na kuhama kule kulikuwa na sababu. Ihumwa watu walijua Jenifa alizaliwa lini. Kizota hawakujua.

Ndani ya nyumba, Yudith mwenye miaka kumi na mitatu alimwita Jenifa dada, kwa kuwa Jenifa alikuwa na kumi na mitano. Wakishavuka mlango wa bati wa uani, neno hilo lilibaki ndani. Nje, Yudith ndiye aliyekuwa mkubwa, na Hilda alikuwa Mama Yudith. Cheti cha kuzaliwa kilisema Jenifa ana miaka kumi na mmoja.

Cheti hicho Stanley alikifuatilia mwenyewe. Jenifa alikuwa ameugua saratani ya damu akiwa na miaka mitano, akatibiwa Dar es Salaam, na alipomaliza alikuwa na tisa, kichwa hakina nywele, kimo cha mtoto wa chekechea. Mwalimu gani angempokea darasa la kwanza bila kuuliza maswali? "Ile minne alikuwa kitandani," Stanley alisema. "Hakucheza, hakusoma. Sasa ahesabiwe ya nini?" Na Hilda, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu hata bei ya nyanya, alinyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikotia sahihi.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, wanawake wakiwa wamepanga ndoo bombani, jirani yao Flaviana alimtazama Jenifa aliyevaa sweta kwenye jua lile.

"Mama Yudith, huyu kitinda mimba wako umempa mbolea ya wapi? Mwaka juzi alinifika hapa kiunoni. Leo yuko hapa hapa."

Wanawake wakacheka, bila ubaya.

"Atakua tu," Hilda alisema.

"Na sweta la nini? Au anatagia mayai humo?"

"Nasikia baridi, mama," Jenifa alijibu taratibu, akainamia ndoo yake ndogo ya lita kumi. Yudith alikuwa amebeba ya ishirini.

Njiani Yudith alimsogelea mama yake. "Mama, tangu jana nimeanza. Nimechukua vitambaa kwenye sanduku lako."

Hilda akasimama. Alijua anatakiwa kufurahi, na alimshika binti yake bega akamwambia maneno mazuri. Lakini macho yake yalikwenda nyuma, kwa yule mwingine aliyekuwa anakuja polepole, akitua ndoo kila baada ya hatua kumi.

*

Stanley kwa furaha alimpigia mama yake simu. Jumamosi Bibi Sidonia akafika kutoka Ihumwa, na kitenge kipya ndani ya kapu.

"Mbukwenyi," alisalimu kwa Kigogo akiwa bado mlangoni.

"Mbukwa, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu. Yuko wapi mkubwa wangu?"

Jenifa akatoka chumbani, macho mazito ya usingizi. Siku hizi, kukiwa hakuna shule, alilala hadi saa nne asubuhi. Bibi alimkalisha mkekani karibu naye, akakunjua kitenge, akamtandikia mapajani.

"Baba yako kaniambia kwenye simu, mtoto wetu amevunja ungo. Nikasema afadhali, nimesubiri sana huyu."

"Mama," Hilda alisema, sauti imeshuka. "Ni Yudith."

"Yudith nani?"

"Aliyeanza ni Yudith."

Mkono wa bibi ulibaki juu ya kitenge. Jenifa alikuwa anautazama mkono ule. Nje, grenda ya karakana ilikuwa inalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Kwetu mdogo hatangulizwi," bibi alisema. "Nitaanzaje kumfunda mdogo na mkubwa amekaa hapa? Huyu ana mingapi sasa?"

Wakati huo huo kivuli kikaingia mlangoni. Alikuwa Flaviana, amekuja kuazima chekeche, na alikuwa amesikia swali.

Hilda alimtazama Flaviana, akamtazama mama mkwe. "Kumi na mmoja, Mama," alisema.

Bibi Sidonia ndiye aliyempokea Jenifa alipozaliwa. Mwaka ule wa mavuno mengi ya uwele hakuusahau. Alimtazama mkwewe. Kisha akakikunja kitenge taratibu, pembe kwa pembe. "Basi sawa," alisema. "Kumi na mmoja." Na Flaviana akapewa chekeche, akaenda zake.

"Leo umenilisha uongo mbele ya mtu baki," bibi alisema baadaye. Hakupandisha sauti. "Nimeumeza kwa ajili ya mtoto wa mwanangu. Lakini sikiliza. Mimi hospitali siijui. Mtoto wa kike ana kumi na mitano, mwili ni wa mtoto wa kuchunga ndama, anasinzia kutwa, anatetemeka kwenye joto. Isije ikawa ule ugonjwa umerudi."

Hilda alikuwa ameshika sufuria ya mlenda. Akaiweka chini kwa mikono miwili. Neno hilo alikuwa analiogopa tangu mwaka juzi, na kila lilipomjia alikuwa analifunika kwa wimbo wa kanisani. Sasa lilikuwa limesemwa, tena na mtu mzima, ndani ya nyumba yake.

*

Jumatatu akampeleka Jenifa hospitali kubwa. Kadi ya bima alikuwa nayo. Faili la Dar es Salaam aliliacha ndani ya begi chini ya kitanda, kwa sababu kila ukurasa wake ulikuwa na mwaka wa kweli.

Daktari Athuman alikuwa kijana, mpole, na kwenye benchi la nje walikuwepo watoto arobaini wengine wakimsubiri.

"Alipougua alikuwa na umri gani?"

"Mmoja," Hilda alisema. Alikuwa amepiga hesabu njia nzima.

"Alitibiwa kwa njia gani? Dawa za mshipa peke yake, au na mionzi?"

Hilda aliikumbuka ile mashine. Alikumbuka kinyago cha plastiki kilichoubana uso wa mtoto mezani, na yeye akiwa nyuma ya mlango mzito akisali. Lakini mtoto wa mwaka mmoja angepigwaje mionzi kichwani? Swali moja lingezaa lingine.

"Dawa," alisema. "Karatasi zilipotea tulipohama."

Jenifa alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu haijafika sakafuni. Alimtazama mama yake kwa upande.

Walitoa damu. Walipiga picha ya mkono wa kushoto, vidole vimetandazwa. Hilda alisubiri majibu tangu saa tano hadi saa tisa. Kila nesi alipotoka na karatasi, alinyanyuka.

"Mama, tulia," Daktari Athuman alisema walipoingia tena. "Damu ni safi. Saratani haijarudi."

Hilda akafunika uso kwa khanga.

"Ni mfupi, hilo kweli. Lakini tazama hii picha. Mifupa ya mkono inaonyesha umri. Hii ni ya mtoto wa miaka kumi na mmoja au hata chini kidogo, na kadi inasema kumi na mmoja. Vinakubaliana. Watoto wengine huchelewa tu. Mpe mayai, dagaa, maharage. Akifika kumi na mitatu hajabadilika, mrudishe."

Hilda alishukuru mara tatu. Mguu wake ulikuwa mwepesi hadi getini. Pale getini ndipo alipohisi mkono mdogo umemvuta khanga.

"Mama. Kadi ikifika kumi na mitatu, mimi nitakuwa na kumi na saba."

"Twende, bajaji itatuacha."

"Yule daktari hajui."

"Jenifa, twende."

*

Jioni Stanley alikuwa ananawa mikono uani, maji yanatiririka meusi. Hilda alimweleza yote, akaishia kwenye mifupa.

"Imesema kumi na mmoja?" Stanley aliuliza. Akacheka kicheko kifupi. "Umeona? Hata mifupa yenyewe haikuihesabu ile minne."

"Mimi naogopa, Baba Yudith."

"Unaogopa nini, na damu ni safi?"

"Ile barua ya mwisho ya Dar. Nesi alinieleza siku tunaondoka. Alisema mionzi ya kichwa inaweza kuchelewesha mtoto kukua, apimwe kimo kila mwaka. Kila mwaka, alisema. Mimi sikumpeleka hata mmoja."

"Ulikuwa unaogopa hospitali. Na mimi vile vile."

"Tukaseme ukweli."

Stanley alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa taulo lilikuwa begani. "Nilikula kiapo kwa ajili ya kile cheti. Nikaweka dole gumba. Ukiwaambia pale dirishani hospitali kwamba ni uongo, wa kwanza kuitwa ni nani? Kadi inafutwa. Shule inauliza. Mtoto anaondolewa na wenzake anapelekwa wapi, kidato cha tatu? Na hapa mtaani tutawaambia nini, mdogo amegeuka mkubwa?"

"Kwa hiyo tusubiri?"

"Daktari amesema miaka miwili. Mimi sikusema. Daktari amesema."

Nyuma ya pazia Jenifa na Yudith walikuwa wanakunja nguo. Yudith aliacha kukunja. Jenifa aliendelea, akafika kwenye sketi yake, akaufungua upindo kidogo kwa ukucha, akaona rangi ya zamani mle ndani, buluu iliyoiva kama siku ilipotoka kwa fundi.

Kabla ya kulala Hilda alipiga magoti kama kawaida yake. Alizoea kumwambia Mungu kila kitu, kuanzia chumvi iliyokwisha. Safari hii alifika kwenye jina la mtoto na umri ukamkwama. Angetaja upi? Yule anayemwomba alikuwa anaujua mwaka. Akainuka bila kusema amina.

*

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mwalimu wa darasa la sita alimtuma mtoto kuuliza kama Jenifa anaumwa, maana hajafika shule. Hilda aliacha unga juani. Asubuhi ile alimwona kwa macho yake akitoka na sare na mkoba. Alikimbia hadi karakana, Stanley hajamwona. Alikimbia hadi bombani, hakuna. Njiani watu walimuuliza, "Mama Yudith, kuna nini?" na yeye akaona ajabu kwamba hata katika kumtafuta Jenifa alikuwa anaitwa jina la mwingine.

Alimfuata Yudith shuleni. Yudith alitolewa darasani, na alipomwona mama yake alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Alinikataza nisiseme. Amechukua faili kwenye begi. Amesema anapeleka umri wake kwa daktari."

"Kwa miguu?"

"Hana nauli, mama."

Ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa mtu mzima, barabara ya malori, na upepo wa mwezi wa kumi unaotimua vumbi hadi huoni mbele. Na mtoto yule alikuwa anachoka kwa kutoka bombani. Juu ya bodaboda Hilda alitazama kila kijitu kilichokaa kando ya barabara, na kila mara roho ikapaa ikashuka. Maombi aliyoshindwa kuyasema siku tatu yalimtoka yenyewe, hayana mpangilio. Bwana, ana kumi na mitano. Bwana, nakuambia sasa, ana kumi na mitano.

Alimkuta getini, amekaa kwenye tofali karibu na kibanda cha mlinzi, viatu vyeupe kwa vumbi, faili amelikumbatia. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Wewe ndiye mama wa haka katoto?" Mlinzi alikuwa mtu mzima, amekasirika kwa namna ya mtu aliyekuwa na wasiwasi. "Saa nzima yuko hapa. Nimemuuliza mama yako yuko wapi, anasema mama anaogopa. Ananiambia ana miaka kumi na mitano. Nimemwambia, mjukuu wangu, mimi nina wajukuu, usinichezee. Nikampa maji. Hebu sema, ana mingapi huyu?"

Jenifa hakuinua uso. Alikuwa anatazama viatu vya mama yake.

"Kumi na mitano," Hilda alisema.

Mlinzi akamtazama mama, akamtazama mtoto. Akavua kofia. "Basi samahani, binti," alimwambia Jenifa. "Pita."

*

Kwenye dirisha la mapokezi kulikuwa na foleni nyuma yao, watu kama kumi na watano, wamesogeleana hadi pumzi zao zilisikika.

"Kadi," alisema karani, msichana mwenye miwani.

Hilda aliiweka kadi, lakini hakuiachia. "Kadi hii ina uongo," alisema. "Mwaka wa kuzaliwa si wenyewe. Tulipunguza miaka minne, mimi na baba yake. Wa kweli uko humu kwenye faili."

Nyuma yake mtu aliguna. Mwingine akasema, "Wanapunguza watu wazima kazini, leo hadi watoto."

Karani alilitazama faili, akamtazama Hilda bila chuki. "Mama, ukishaniambia hivyo siwezi kuitumia tena. Mtalipa taslimu mpaka cheti kirekebishwe. Na sijui wenyewe wa bima watasema nini. Wanaweza kuwaita."

"Watuite."

"Una hela?"

Hilda alifungua fundo la khanga. Ndani yake mlikuwa na hela ya unga na ya mafuta ya kupikia ya siku mbili. Akaisukuma yote chini ya kioo.

Daktari Athuman alisoma faili lile akiwa amesimama. Alifika kwenye ukurasa wa mionzi, akakaa. Akaomba ile picha ya mkono irudishwe, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Jumatatu niliwaambia mifupa na umri vinakubaliana," alisema. "Kumbe nilikuwa nalinganisha na umri wa kubuni. Mama, mifupa ya miaka kumi na mmoja kwa binti wa kumi na mitano, aliyepigwa mionzi kichwani, hiyo ni habari nyingine kabisa."

"Amekwisha?" Hilda aliuliza.

"Hapana. Ngoja. Kuna tezi ndogo huku ndani ya kichwa, ndiyo inayouambia mwili urefuke, upevuke. Ile mionzi ilimwokoa, lakini inaelekea iliijeruhi tezi. Usingizi huu na baridi hii, nadhani na tezi ya shingo imelegea. Hiyo tukiithibitisha ina vidonge, na vidonge vyake si ghali. Vya kumsaidia kupevuka pia vipo, wakati wake ukifika. Sindano za kurefusha ndizo ngumu. Hapa hatuna, bei yake kubwa, na huchomwa kila siku kwa miaka. Nitaandika Dar. Siahidi."

"Na mifupa?" Alikuwa Jenifa.

Daktari akageuka. Kwa mara ya kwanza alizungumza naye kama mtu mwenye akili yake. "Mifupa yako bado iko wazi. Ikifunga hakuna dawa ya kuifungua. Kama ungesubiri ile miaka niliyokupa, sijui ningekukuta wapi."

"Nitazaa?"

Hilda akafumba macho.

"Hilo sijui," Daktari Athuman alisema. "Nikikwambia najua, nitakuwa na mimi nimekupunguzia kitu."

Alichukua kalamu. Kwenye karatasi mpya, kwenye nafasi ya umri, aliandika 15. Jenifa aliinuka kwenye kiti, akasogea mezani, akaitazama ile namba hadi wino ulipokauka.

*

Walirudi Kizota jua limepinda. Stanley alikuwa amesimama mlangoni na kofia ya kuchomelea mkononi, amesahau kuiacha kazini. Hilda alimwambia yote pale pale, hata la kadi, hata la kuitwa. Uso wa Stanley ulibadilika rangi. Alikaa kwenye kizingiti.

"Watakuja lini?"

"Sijui."

"Nitasema ni mimi," alisema. "Dole gumba ni langu."

Flaviana alipita na chekeche aliyokuwa anairudisha. Alimwona Jenifa, viatu vyake, vumbi hadi magotini. "Mama Yudith, mmempata? Mtaa mzima roho juu. Kitinda mimba wako huyu atakuua na presha."

"Mimi ni Mama Jenifa," Hilda alisema. "Huyu ndiye mkubwa. Ana kumi na mitano. Alitibiwa saratani, matibabu yakamzuia kukua, na mimi nikakudanganya."

Flaviana alibaki na chekeche mkononi. Utani wote aliousema bombani ulimpita usoni mmoja mmoja. Akaweka chekeche chini na kuondoka. Kabla jua halijazama mtaa wote ungekuwa umejua, na Hilda alilijua hilo.

Yudith alitoka na beseni la maji ya uvuguvugu, akapita wazi mbele ya mlango wa bati ambako majirani walikuwa wanachungulia. "Dada," alisema, "leta miguu."

Jumamosi Hilda alifua sketi. Majibu ya tezi yalikuwa hayajatoka, barua ya Dar haijajibiwa, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimfanya Stanley ainue kichwa. Safari hii Hilda aliianika sketi upande wa nje, juani, mbele za watu. Alipofika kwenye upindo aliona uzi umekatika kidogo, mahali ulipokwanguliwa na ukucha. Alikwenda kuchukua sindano. Alikaa nayo mkononi, uzi umeshatungwa, akiutazama upindo.

Kisha akaichomeka sindano kwenye khanga yake, akapaacha pale palipofumuka bila kupashona.